Chura wa Kihansi na Taa za Mjini



Katika safari zangu za kuwatembelea Wakristo wa nyanda za juu nimeulizwa mara nyingi neno moja, nami naona yafaa nilijibu humu, ili na wale nisioonana nao wapate kulipima. Neno lenyewe ni hili: Je, ni haki maji na fedha zitumike kwa ajili ya chura, hali watu wana haja? Wengine huliuliza kwa mzaha, wakicheka. Wengine huliuliza kwa uchungu, na hao ndio nitakao kusema nao, maana mtu aulizaye kwa uchungu huwa na jambo jingine moyoni zaidi ya lile alilolitaja.

Kwanza nitaeleza habari yenyewe, kwa sababu wengi wameisikia nusunusu, na neno lililosikiwa nusu huzaa hukumu iliyopotoka.

Mto Kihansi watoka katika nyanda za Mufindi na Kilolo, penye mashamba ya chai, na misitu, na mabonde ambayo watu hulima vinyungu wakati wa kiangazi. Huko juu watembea polepole kama mito mingine. Lakini ufikapo ukingoni mwa milima ya Udzungwa waanguka ghafula korongoni, maporomoko baada ya maporomoko, hata kufika chini katika bonde la Kilombero, upande wa Mlimba ipitapo reli ya TAZARA. Kutoka juu mpaka chini ni yapata mita 850. Mabwana wa elimu ya umeme walipoyaona maanguko hayo walifurahi, na kwa haki. Maana mahali pengine mtu hujenga ukuta mkubwa na kuzamisha nchi pana ili apate nguvu kidogo. Hapa ukuta wa mita 25 watosha, kimo cha mlima chafanya kazi iliyobaki. Maji yakachukuliwa katika njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, yakaangushwa juu ya mitambo mitatu iliyowekwa chini ya ardhi, kila mmoja wa megawati 60, jumla megawati 180. Kazi ilianza katikati ya miaka ya 1990, na umeme ukaanza kutoka katika miaka ya 1999 na 2000. Fedha zilitoka kwa Serikali, na Benki ya Dunia, na nchi kadha wa kadha za Ulaya.

Tukumbuke pia hali ya miaka ile. Mvua zilikosekana, bwawa la Mtera likapungua, na watu wa mijini wakagawiwa umeme kwa saa kama maji ya kisimani. Viwanda vilisimama. Hospitali zilitafuta mafuta ya jenereta. Kwa hiyo mtu asiseme ya kwamba Kihansi ilijengwa kwa anasa. Haja ilikuwa kweli.

Sasa habari za chura. Katika mwaka wa 1996, kazi ikiwa imekwisha kuanza, wachunguzi wa viumbe waliingia korongoni. Walikuta mahali chini ya maporomoko ambapo mvuke wa maji hunyesha usiku na mchana, mwaka mzima, hata majani hayajui kiangazi ni nini. Mahali penyewe ni padogo sana, hekta chache tu. Mashamba ya mzee mmoja wa kwetu yaweza kulingana napo. Na katika manyunyu yale walikuta chura wa rangi ya manjano, ambaye hata akiisha kuwa mzima hafiki sentimita 3. Huyu hatagi mayai majini kama vyura tuwajuao. Huzaa watoto walio hai, wenye miguu tayari, kila mmoja mdogo kama punje. Wenye maarifa walimtafuta mahali pengine wasimwone. Chini ya mbingu zote alikuwa na makao hayo peke yake. Humo humo ulionekana baadaye mbuni wa porini wa namna yake, nao haujulikani kumea mahali pengine. Nautaja kwa ajili ya ndugu zetu walimao kahawa, ambao labda watausikiliza mbuni kuliko chura.

Maji yalipogeuzwa kwenda mitamboni, manyunyu yalikoma. Mto uliokuwa ukimwaga kwa wastani yapata mita 16 za ujazo kila sekunde uliachiwa sehemu ndogo tu ipite njia yake ya zamani, isiyofika mita 2. Watu wakaona ya kuwa chura atakufa. Mwishoni mwa mwaka wa 2000 vyura 499 walikamatwa, wakapakiwa katika eropleni na kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, na baadaye wengine Toledo. Korongoni zikatandazwa bomba zenye vinyunyizio, ili mikono ya watu ifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na maporomoko. Kwa muda ilielekea kufaa: katikati ya mwaka wa 2003 vyura walihesabiwa, wakaonekana kuwa karibu 20,000. Kisha katika miezi michache wakatoweka. Ugonjwa wa ukungu uwaambukizao vyura katika nchi nyingi ulionekana katika maiti zao. Wengine wakataja matope na dawa za mashambani zilizoshuka bwawa lilipofunguliwa. Wenye maarifa hawakupatana kabisa. Tangu mwaka wa 2004 hawakuonekana tena korongoni, na mwaka wa 2009 ilitangazwa kwamba porini wamekwisha. Waliobaki walikuwa wale wa Marekani. Mwaka wa 2010 baadhi yao walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutunzwa, na mwaka wa 2012 yapata 2,500 wakafunguliwa tena katika manyunyu yao ya bomba.

Hiyo ndiyo habari. Sasa tuipime.

Wa kwanza kusema ni yule asemaye: chura huyu hana faida. Haliwi, hauzwi, hata hasikiki akilia. Neno hili ni fupi, na watu hulipenda kwa sababu ni fupi. Lakini tuulize, ni nani aliyetuambia kwamba faida yetu ndiyo kipimo cha kustahili kuwapo? Tukikishika kipimo hicho, hatutakitumia kwa vyura peke yao. Tutarudi nacho nyumbani, tumpime nacho mzee kipofu aketiye karibu na moto, na mtoto aliyezaliwa asiweze kutembea. Nasi tumewahi kuona nyumba ambazo kipimo hicho kimekwisha kuingia. Wala Nuhu hakuambiwa achague wanyama wenye nyama na ngozi nzuri.

Mtu asinisikie vibaya. Sisemi kwamba chura na binadamu wa sawa. Mwanadamu amewekwa juu ya viumbe, nami nalishika hilo. Swali ni, amewekwa awe nani? Tajiri akisafiri humwachia mtumishi nyumba yake, na mtumishi yule yu juu ya kila kitu nyumbani, juu ya mbuzi, juu ya ghala, juu ya vyungu. Tajiri arudipo akakuta chungu kimoja kimevunjwa, mtumishi hawezi kujibu, Bwana, kile hakikuwa kikipikiwa. Ataulizwa ni nani aliyempa chungu kile kiwe chake.

Wa pili ana neno zito zaidi, nami namheshimu. Yeye asema: Mchungaji, mke wangu alijifungua usiku kwa taa ya chemli, akafa, kwa sababu mganga hakuona damu ilikotoka. Kama taa na chura vyagombana, wewe wamchagua nani? Namjibu pasipo kusita: nachagua taa. Kama kweli hapana njia ila moja, mwanamke aishi na chura afe, nitasimama mbele ya mtu ye yote na kusema mwanamke aishi. Nadhani hata wale wachunguzi wa viumbe wangesema hivyo.

Lakini je, ndivyo ilivyokuwa Kihansi? Hapo ndipo napenda wasomaji wakae kidogo, maana ndipo palipo na kosa, na kosa lenyewe halikuwa kumchagua mtu. Uchunguzi wa korongo haukufanywa sawasawa kabla ya fedha kuahidiwa na kazi kupangwa. Chura alionekana wakati mwamba ulikuwa ukichimbwa na mikataba ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi. Wakati ule kila lita iliyoachwa ipite korongoni ilihesabiwa kuwa hasara, kwa sababu hesabu ya mitambo ilikuwa imekwisha kulitia kila tone ndani. Kama korongo lingalichunguzwa kwanza, maji ya chura yangalihesabiwa mapema kama sehemu ya bei ya kazi, sawa na saruji na chuma, na watu wangaliweza kuamua wakiwa huru: kujenga hivi, au kujenga vile, au kujenga kwingine. Hakuna mtu anunuaye shamba akatoa fedha zote, ndipo akauliza kama lina kaburi la watu ndani yake. Lakini dola na mabenki makubwa hufanya hivyo, na wakiisha kulikuta kaburi husema: sasa mwataka turudi nyuma?

Basi shauri la chura au taa halikuletwa na chura. Lililetwa na kuchelewa kuuliza. Nalo ni jambo la kuangalia katika mashauri mengi, hata ya nyumbani: mtu akikuambia hapana ila njia mbili na zote zina msiba, muulize ni lini njia ya tatu ilifungwa, na ni nani aliyeifunga.

Gharama za kuchelewa zaonekana katika hesabu. Kulikuwa na mradi wa mazingira ya Kihansi ulioanza mwaka wa 2001, wa kutunza korongo na kulisaidia Baraza la mazingira, lile lililoundwa mwaka wa 1983, kuifahamu kazi yake. Fedha zake zilipita dola milioni 6. Na fedha hizo hazikuwa sadaka. Zilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao taifa hulipa. Mzee mmoja wa Mufindi aliniambia kwa kicheko kikali: Chura amepanda eropleni mpaka Marekani, na mjukuu wangu hajafika hata Iringa mjini. Nilicheka naye. Lakini nilipotafakari njiani niliona kwamba kicheko chake kina kweli kuliko alivyojua, maana mjukuu yule asiyefika Iringa ni mmoja wa walipao deni. Hasira yake ilikuwa ya haki, ila imemwangukia asiyehusika. Chura hakuomba safari.

Nchi yetu ilipata mafundisho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka wa 2004 yaamuru kwamba kazi kubwa zichunguzwe athari zake kabla hazijaanza, na watu wa mahali wasikizwe. Sisemi kwamba ilitungwa kwa ajili ya Kihansi tu, walakini habari ya Kihansi haikuwa mbali na mawazo ya waliohusika. Nami naisifu sheria hiyo. Na kwa kuwa naisifu, sharti niseme pia upande wake unaowauma watu wetu.

Sheria hiyo hiyo yakataza kazi za watu katika mita 60 toka ukingo wa mto. Sababu zake ni njema. Udongo uliolimwa ukingoni hushuka na mvua, ukajaza mabwawa. Chemchemi zisizo na miti hukauka. Dawa za wadudu huingia majini, na labda ndizo zilizomfikia chura. Haya twayajua, wala haikutupasa kufundishwa na wageni, maana wazee wetu walikuwa na vijito wasivyoviruhusu kulimwa. Lakini huko juu ya Kihansi, kinyungu ndicho kiwalishacho watu kiangazi. Shamba la mlimani latoa mahindi mara moja kwa mwaka. Kinyungu chatoa maharagwe na mboga na mahindi mabichi katika miezi ya njaa, na mara nyingi fedha za kalamu na sare za shule zatoka humo. Mama mmoja Mkristo, mjane, tulipokwisha kuamkiana kamwene, alinionyesha mahali alipoambiwa aondoke. Akaniuliza: Mchungaji, mimi nimeambiwa mboga zangu zikae mita 60 toka mtoni. Na lile bwawa limekaa mita ngapi toka mtoni?

Nilinyamaza, na hata sasa sina jibu la kumcheka. Najua wanasheria watasema bwawa lina kibali na mboga hazina. Lakini kibali ni nini katika shauri la haki? Bwawa lilichunguzwa kwa miaka, likapewa wataalamu, mikopo, na muda wa kujirekebisha. Mboga za mjane zilipewa siku chache na alama ya rangi juu ya mti. Sheria ni moja, lakini ilipomfikia mkubwa ilikuja na mazungumzo, na ilipomfikia mdogo ilikuja na amri. Huo ndio uchungu niliousema mwanzo. Watu hawamchukii chura. Wanachukia kuona kwamba kiumbe wa kidole amepata kutetewa na dunia, nao ambao maji yatoka mlangoni pao hawana wa kuwatetea.

Na taa zenyewe ziko wapi? Umeme wa Kihansi waingia katika njia kuu za nchi nzima na kugawanywa, wala hakuna awezaye kusema wati hii ni ya Mlimba na ile ya Dar es Salaam. Walakini wakati mitambo ilipowashwa, nyumba za vijijini zenye umeme katika nchi yetu zilikuwa chache mno. Nguzo zilipita juu ya mashamba kama wageni wapitao pasipo kuamkia. Lazima niseme kweli pia juu ya yaliyofuata: tangu mwaka wa 2007 Wakala wa Nishati Vijijini imefanya kazi kubwa, na Serikali imetangaza kwamba karibu vijiji vyote vya Tanzania Bara vimefikiwa. Ila kufikiwa kijiji si kufikiwa nyumba, na wasomaji wengi wanajua nguzo ilipoishia kwao.

Nionavyo mimi, haki ingetaka hivi. Afaidikaye na maji alipe gharama ya kuyatunza maji, na malipo yamfikie yule aliyeacha kitu chake ili maji yatoke. Mtu wa mjini anunuapo umeme, katika bei yake iwemo sehemu ndogo, senti tu, ya vinyunyizio vya korongoni, na sehemu nyingine ya mjane aliyeacha kinyungu: apewe miche ya parachichi au ya miti apande mahali pa juu, apewe mfereji au bomba imletee maji shambani mbali na ukingo, tena apewe muda wa mavuno mawili kabla ya kuondoka. Wengine watasema hayo yataongeza bei ya umeme, na maskini wa mjini pia wanaumia. Ni kweli. Lakini bei ya sasa si ndogo. Ni kwamba sehemu yake yalipwa na watu wasioandikwa katika hati. Mtu akisema kitu ni rahisi, nataka kujua ni nani anayekilipia kwa siri.

Kuna watakaoniambia kwamba hayo ni mambo ya Serikali, na mchungaji akae na mahubiri yake. Siwezi kukubali kabisa. Sijui kupima mitambo, na ningekuwa mpumbavu kama ningewafundisha mainjinia. Ila kujua nani amelipa na nani hakusikizwa hakuhitaji uinjinia, na mkatekista aketiye katika kamati ya mazingira ya kijiji chake ameitwa pale kwa kazi hiyo hasa.

Tena jambo hili halijaisha. Maji ya Kihansi huingia Kilombero, na Kilombero huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Kwenye Rufiji limejengwa bwawa liitwalo kwa jina la Mwalimu Nyerere, la megawati 2,115, mitambo yake tisa ikiwa imewashwa toka mwaka wa 2024 hata 2025. Kihansi ni kijana mdogo mbele yake. Chini ya bwawa hilo kuna watu walimao mpunga kwa kufuata mafuriko ya mto, na kuna mikoko ya delta na kamba wavuliwao humo. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko makubwa yalipoingia Rufiji na Kibiti, watu walibishana kama bwawa limeyazidisha au limeyapunguza, na Serikali ilieleza kwamba limeyapunguza. Sitaki kuamua hapa. Nauliza tu kama wakulima wale walijua kabla ya maji kuja ni nani wa kumwendea, na kama mito itaachiwa kiasi gani kiangazi, na ni nani aliyekiandika kiasi hicho, na kama kilisomwa kwa Kiswahili mbele yao.

Basi, ndugu walio Mlimba, na Mufindi, na Kilolo, na ninyi mlio chini Rufiji, mniandikie kwa njia ya mhariri. Nataka kujua mambo matatu: alama za mita 60 zimewekwa wapi kwenu na kwa muda gani; je, aliyeondoka ukingoni alipewa kitu cho chote; na katika mikutano ya uchunguzi wa mazingira, kama ilifanyika, wanawake walimao vinyungu waliitwa au la. Majibu yatakayokuja nitayaweka pamoja, pasipo kutaja jina la mtu, na kuyapeleka kwa wenye kusimamia bonde la maji la Rufiji. Wenye barua ndefu wasiogope. Ila andikeni upande mmoja wa karatasi.